Mala ya mti ya punje 108: mti upi, tundu la ukubwa gani, na inatungwaje?

Kerezo_Isevya (Tabora)

Habari zenu wakuu. Kuna mzee wa Kihindu hapa mjini ameagiza mala (tasbihi ya Kihindu) ya kusomea japa, yaani kurudiarudia jina la Mungu: punje 108 na moja kubwa ya kufungia. Anapenda iwe ya tulasi. Ikikosekana, amesema mwarobaini au sandali, "itategemea". Hakueleza inategemea nini, nami nikaona si adabu kumhoji mtu mzima juu ya ibada yake.

Kerezo lipo, mwarobaini umejaa kila mtaa, na kuna mtu anauza msandali wa porini. Ninavyo pia vipande vya mninga, vyekundu, vizuri sana. Naomba kujua mti unachaguliwa kwa kufuata nini, punje iwe na unene gani, tundu milimita ngapi, uzi upi, na kama vanishi inafaa. Na zaidi ya yote mnieleze inavyopita vidoleni, maana nisipolijua hilo nitatoa mkufu wa shingoni na si chombo cha kusalia.

Mwanga_Kgm (Kigoma)

Ungemuuliza tu mkuu, asingeona vibaya. Uliza hivi: "Mzee, unasoma jina la nani, na aliyekupa mantra (maneno ya sala unayoyarudia) alitaja mti?" Majibu hayo mawili ndiyo yanayochagua mti. Rangi haina kauli hapo.

Akisema Krishna, Rama au Vishnu, mti wake ni tulasi. Wanaofuata njia hiyo huitwa Wavaishnava, na tulasi kwao ni mmea mtakatifu, hupandwa nyumbani, humwagiliwa maji na kuzungukwa kwa heshima. Haukatwi ukiwa mbichi ili kupata shanga. Hungojewa ukauke wenyewe. Sasa litazame shina lenyewe: hata mmea ukiwa na miaka kadhaa, shina halizidi sana unene wa kidole, na katikati lina uboho laini. Ndiyo maana mala nyingi za tulasi huagizwa India, na mji unaojulikana sana kwa kazi hiyo ni Vrindavan. Tafadhali usimpe kivumbasi. Ni ndugu ya tulasi na kinanukia vizuri, lakini anayesalia kwa tulasi ukimpa kivumbasi kwa jina la tulasi umemharibia ibada.

Mwarobaini unakubalika kwa Wavaishnava wa mapokeo ya Bengal, wale wa mantra ya Hare Krishna, na mara nyingi hupewa anayeanza. Sandali nyeupe ndiyo yenye uwanja mpana, karibu kila jina huweza kusomewa. Sandali nyekundu wengi huitumia kwa Devi, yaani mungu wa kike, na Ganesha. Akisema Shiva, hapo kazi si ya kerezo: Shiva husomewa kwa rudraksha, nayo ni kokwa ya tunda. Lakshmi pia mara nyingi ni mbegu za yungiyungi.

Sasa mkononi. Mala hulala juu ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, wengine hutumia cha pete, na gumba ndilo linalovuta punje moja kuja upande wa kiganja kila mantra inapoisha. Kidole cha shahada hakigusi kabisa. Waliozoea kuvuta tasbihi ya Kiislamu ndipo wanapopotea hapa, kwa sababu kidole hicho kinakuja chenyewe.

Anaanza na punje iliyo jirani na ile kubwa. Ile kubwa huitwa meru au sumeru, kwa jina la mlima ambao katika mapokeo ya Kihindu uko katikati ya ulimwengu (si Meru yetu ya Arusha). Meru haihesabiwi na hairukwi. Akimaliza ya 108 anaigeuza mala palepale vidoleni, ya mwisho inakuwa ya kwanza, anarudi alikotoka. Fundi ulishike hili: mala inavutwa pande zote mbili. Punje yenye bega upande mmoja, au tundu lililotoka pembeni, itapita vizuri raundi ya kwanza na kukwama raundi ya pili.

Ulizia pia kama anataka punje zilingane au zipangwe kutoka nene kwenda nyembamba. Mala nyingi za Wavaishnava ziko hivyo, na raundi ya kwanza huanzia upande mnene.

Miombo_Sikonge (Tabora)

Mwanga amemaliza upande wa ibada, nami niseme mti.

Mninga uweke pembeni. Si kwamba ni mti mbaya. Tatizo ni kwamba mninga (Pterocarpus angolensis) na sandali nyekundu ya India (Pterocarpus santalinus) ni wa jenasi moja, wekundu wao unafanana, na ndipo udanganyifu unapoingia. Kuwatofautisha ni rahisi. Sandali nyekundu halisi ni nzito, punje yake inazama kwenye bilauri ya maji, mninga unaelea. Jaribio hilo lifanywe kwa punje moja kabla ya kutunga, maana mala iliyokwisha kuanza kusaliwa haiingizwi majini. Kisha isugue kwa kitambaa cheupe chenye maji: rangi ikitoka nyekundu mara moja, punje imepakwa rangi. Rangi ya asili ya sandali nyekundu huyeyuka kwenye spiriti, kwenye maji karibu haitoki. Mteja akiupenda mninga kwa jina lake, mtengenezee, lakini uitwe mninga.

Huo msandali wa porini nao ni mti mwingine. Sandali nyeupe ya India ni Santalum album. Wa kwetu ni Osyris lanceolata. Yote miwili hunyonya mizizi ya miti jirani na yote hunukia, ila si mti mmoja. Tena wa kwetu umechimbwa mpaka mizizi kwa ajili ya mafuta, na tangu 2013 uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Anayekuuzia bila kibali cha maliasili anakutwika mzigo wake. Mwambie akuoneshe karatasi, au achana naye.

Kama mzee atanunua sandali iliyokwisha kerezwa, mfundishe kunusa ndani ya tundu baada ya kulikwaruza kidogo kwa sindano. Punje iliyochovywa mafuta hunuka sana nje na ndani haina kitu. Sandali yenyewe harufu yake ni ndogo, tulivu, na inaongezeka punje ikipata joto la kiganja.

Turudi kwenye mwarobaini. Tumia sehemu ya ndani yenye wekundu, kwa sababu ule weupe wa nje ndio wadudu wanaoupenda. Uboho wa katikati kabisa utupe, nyufa zote zinaanzia hapo. Pasua fito za milimita 14 hivi kwa punje ya milimita 8. Paka nta kwenye vichwa vyote viwili vya kila fito. Tabora nta si ya kutafuta. Ukiacha vichwa wazi, maji yanakimbilia kutokea huko na mti unapasuka kama mkate uliokauka. Anika kivulini penye upepo, kamwe si juani wala juu ya bati. Pima fito kwenye mizani ileile kila wiki. Uzito ukisimama wiki mbili mfululizo, mti uko tayari. Kiangazi unakwenda haraka, masika utasubiri.

Nyuzi za mwarobaini zimepishana kama za miti ya jamii ya mkangazi, kwa hiyo patasi butu haikati, inang'oa. Noa mara kwa mara na umalizie kwa msasa namba 120, 240, kisha 400. Funga barakoa, vumbi lake linachoma pua.

Vanishi hapana. Chukua mtu wa raundi 16 kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha wale wa Hare Krishna wenye kuweka nadhiri: kila punje inavutwa mara 16 kwa siku, zaidi ya mara 5,800 kwa mwaka, tena kwa kidole chenye jasho. Vanishi itabanduka vipandevipande na kuingia kwenye mfuko wa mala. Jasho na mafuta ya ngozi vyenyewe vitaing'arisha mti.

Kibirizi_Nyuzi (Kigoma)

Tundu kwanza, maana mala inaharibikia hapo kuliko mahali pengine popote.

Kwa punje ya milimita 8 toboa milimita 2. Kipimo kiko mtaani: spoki ya kawaida ya baiskeli ina milimita 2. Ikiingia kwa kubana, tundu liko sawa, na hiyohiyo spoki ndiyo utakayochomekea punje wakati wa kupiga msasa. Usitoboe moja kwa moja kutoka upande mmoja. Biti nyembamba inafuata nyuzi za mti na kutokea pembeni. Toboa nusu, geuza, malizia nusu ya pili. Halafu chukua biti nene, ya milimita 4 hivi, uizungushe kwa mkono tu mdomoni mwa tundu pande zote mbili ili kingo zilainike. Ukali wa mdomo wa tundu ndio unaokata uzi. Watu humlaumu muuza uzi bure. Meru iwe milimita 12 na tundu la milimita 3, kwa sababu ncha mbili za uzi zinapita humo kwa pamoja.

Toboa wakati mti umekauka, si kabla. Na tengeneza punje 130, si 108. Zitakazopasuka, zitakazotofautiana rangi na zitakazotobolewa kombo zitakula hizo za ziada.

Uzi: wa pamba uliosokotwa, unene milimita 1, ndio wa kawaida. Wa nailoni wa kushonea nyavu unadumu zaidi na hauozi kwa jasho, mradi uwe ule wa kusokota. Usitumie mshipi wa kuvulia. Ni laini kama kioo, fundo lake linateleza, na unakata mti taratibu kama msumeno.

Kati ya punje na punje kuna fundo. Fundo lina kazi tatu: punje hazisuguani, kidole kinajua imeisha moja, na uzi ukikatika inaanguka punje moja au mbili, si zote 108 chini ya makochi. Kwa uzi wa milimita 1 fundo linakuwa na unene wa karibu milimita 3, kwa hiyo haliwezi kuzama kwenye tundu la milimita 2. Ukitoboa milimita 3 fundo linaingia ndani, linakwama, na punje haizunguki tena.

Kujua urefu wa uzi usikisie. Chukua kipande cha sentimita 50 cha uzi huohuo, funga mafundo 10, upime kilichobaki. Tuseme umebaki na sentimita 39: kila fundo limekula milimita 11. Mafundo 109 ni kama mita 1.2. Punje 108 za milimita 8 ni sentimita 86. Ongeza sentimita 30 za meru na kishada. Jumla inafika mita 2.4, kata mita 3 uwe na amani. Uzi ukipungua ukiwa punje ya 95 hakuna kuunga, unafumua yote.

Ncha ya uzi ipake nta, isokote kwa vidole mpaka iwe ngumu kama sindano. Tia punje, fanya fundo legelege, chomeka sindano ndani ya fundo, lisukume kwa hiyo sindano mpaka liguse punje, chomoa, kaza. Liguse, lisiibane. Kati ya fundo na punje pabaki nafasi ya kupitisha ukucha, ili punje izunguke yenyewe. Ukikaza kila kitu kama kamba ya kitanda, mala inasimama kama fimbo, wala hailali kidoleni.

Mwishoni ncha zote mbili zinapita kwenye meru kutoka chini kwenda juu, fundo moja kubwa, halafu kishada kifupi.

Mwanga_Kgm

Naongeza mambo ambayo fundi asiyejua anaweza kuyakosea kwa nia njema kabisa. Punje zisibanwe kwa nyayo wakati wa kukereza au kusugua, na zisiwekwe sakafuni. Ziwekee sinia au kitambaa safi mezani. Usitumie gundi iliyotengenezwa kwa ngozi, wala pembe au mfupa kwa meru, hata kama unapendeza. Usimpe kwenye mfuko wa ngozi. Mfuko wa mala ni wa kitambaa, huitwa gomukhi: una mdomo mkubwa wa kuingiza mkono na tundu dogo pembeni la kutolea kidole cha shahada kikae nje.

Kerezo_Isevya

Nashukuru sana wakuu. Nimemuuliza mzee: Krishna, na guru wake (mwalimu wake wa dini) amekubali mwarobaini. Anataka zilingane. Nimejaribu punje 10 kwenye fito iliyokauka. Tatu zimepasuka tunduni na moja tundu limetokea kombo ingawa nilitoboa pande mbili. Nimekosea wapi? Na kuna mtu amenishauri nizichovye kwenye mawese zisipasuke.

Miombo_Sikonge

Mawese hapana kabisa. Yana rangi, yatapaka mfuko na nguo za mzee, na yakichacha harufu haitoki. Alizeti nayo inaganda ikawa ya kunata. Wavaishnava wengi hutumia mafuta ya haradali au ya sandali: tone moja kwenye kitambaa, unaipitisha kwenye punje zote, unaiacha usiku, asubuhi unafuta. Inatosha mara mbili kwa mwaka, zaidi mwezi wa nane na wa tisa ambapo Tabora hewa inakuwa kavu mno.

Kupasuka tunduni: angalia kama ufa unafuata nyuzi kutoka tundu kwenda nje. Ukiwa hivyo, ama biti imekuwa butu na inasukuma badala ya kukata, ama ulikuwa huitoi nje kumwaga unga. Mwarobaini unajaza mifereji ya biti haraka, unga unashindiliwa na kuisukuma mbao. Ingiza milimita 2, toa, pangusa, rudia. Pia toboa fito ikiwa bado na unene wa milimita 14, ndipo uikereze kwenda 8. Ukitoboa punje iliyokwisha kuwa nyembamba, ukuta hauna nguvu.

Kibirizi_Nyuzi

Na hiyo ya kombo inaponea hapohapo. Ukitoboa kwanza, halafu ukakereza huku fito imeshikwa kwenye tundu lake lenyewe kwa spoki, punje inajizungushia tundu, kwa hiyo tundu haliwezi kuwa pembeni. Ulianza na umbo ndipo ukatafuta katikati, geuza mpango.

Ukimaliza zote zitunge kwanza bila mafundo kwenye uzi wowote, ushike kama alivyoeleza Mwanga, uvute 108 kwenda na 108 kurudi huku umefumba macho. Gumba litakuambia zipi zina bega na zipi zinakwaruza. Zitoe hizo. Ndipo ufunge mafundo.

Mwanga_Kgm

Umwambie mzee jambo la wadudu pia. Mala isitunzwe stoo ya mahindi. Dumuzi, yule aliyeonekana mara ya kwanza nchini huko kwenu Tabora, haishii kwenye mahindi na mihogo mikavu, anatoboa na mbao. Ukiona unga laini ndani ya mfuko na vitundu ambavyo hukuvitoboa wewe, ifunge mala kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikae kwenye friza wiki mbili, kisha uiache ipate joto la chumba kabla hujafungua mfuko. Ukifungua mapema, maji ya ubaridi yatatulia kwenye mti. Huku Kigoma shida yetu kubwa ni ukungu wakati wa mvua, kwa sababu watu wanairudisha mala kwenye gomukhi yenye jasho. Gomukhi inafuliwa na kukaushwa vizuri, mala haifuliwi.

Kerezo_Isevya

Nimeelewa. La mwisho: uzi ukikatika baada ya miaka, akaniletea nitunge upya, uzi wa zamani na punje zilizovunjika nazifanyaje? Karakana ina moto wa takataka kila jioni.

Mwanga_Kgm

Usichome na usitupe. Mrudishie kila kitu kwenye bahasha safi, hata nyuzi. Yeye ataviweka kwenye maji yanayotiririka au kuvifukia chini ya mmea wake wa tulasi. Na zile punje zilizozidi katika 130, chagua 5 au 6 zilizo sawasawa na mala yake umpe azihifadhi. Punje ya mti uleule, wa fito ileile, mwaka wa nne hutaipata tena kwenye duka lolote.